Mwongozo Kamili: Kufufua Mtaa wa Maduka kwa Kutengeneza Nyuso za Maduka, Kuanzia Mtaroni Hadi Kwenye Taa

Kila mwaka masika yakipita, habari ni ileile. Wenye maduka wamechanga, wamenunua rangi, wamepaka mtaa mzima kwa siku mbili na kupiga picha. Miezi sita baadaye rangi inabanduka kama maganda ya muhogo, bango jipya limepauka, na wateja bado wanapita upande wa pili wa barabara. Kisha watu wanakaa barazani na kuambiana kwamba mtaa umekufa.

Mtaa haujakufa. Kazi ilianzia mwisho. Rangi ni hatua ya saba katika mwongozo huu, na nimeiweka huko makusudi.

Naandikia mitaa kama ile ya Ngamiani, Tanga: nyumba za chini zenye paa la bati, baraza mbele, maduka yamebanana ukuta kwa ukuta, mengine ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine ya bloku za saruji. Ukiwa Lindi, Bagamoyo, Pangani au Mombasa utakuta mengi yanafanana.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa ukuta

Vya kupimia na kupangia

- Futi kamba ya mita 30 na daftari moja la kazi yote
- Simu yenye kamera
- Vipande vya nailoni safi vya upana wa mikono miwili, na utepe wa gundi wa karatasi
- Orodha ya maduka: mpangaji, mwenye nyumba, upana wa uso wa duka kwa mita

Vya ukuta, chuma na mbao

- Brashi ya waya, msasa, visu vya kukwangulia
- Chokaa na mchanga wa mtoni kwa kuta za matumbawe. Saruji na mchanga wa mtoni kwa kuta za bloku
- Rangi ya msingi ya ukuta, rangi ya maji ya nje, rangi ya mafuta, rangi ya kuzuia kutu
- Mafuta ya mbao au vanishi ya nje
- Miwani ya kazi, glovu, barakoa za vumbi

Vya umeme

- Taa za LED za nje zisizoingiza maji, mwanga wa njano hafifu
- Waya, mabomba ya plastiki ya kupitishia waya, swichi, na fundi mwenye leseni

Vya watu

- Kamati ya watu watano, akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji watatu, kitabu cha risiti
- Fomu ya makubaliano kati ya mpangaji na mwenye nyumba (iko Hatua ya 2)

Muda: anza vikao mwezi Machi au Aprili wakati mvua inakuonyesha makosa ya mtaa bila malipo. Kazi ya ukuta na rangi ifanyike Juni hadi Septemba. Ukikosa hapo, subiri Januari na Februari. Ukipaka katikati ya masika au vuli umezika pesa.

## Hatua ya 1: Chagua maduka yanayofuatana, kisha hesabu watu

Kosa kubwa la kwanza ni kutengeneza maduka matatu yaliyotawanyika: moja kona hii, moja katikati, moja mwisho. Mpita njia hayaoni. Jicho lake linasoma mtaa kama mstari, na mstari uliokatika katika sehemu sita haumvuti popote.

Chagua maduka sita hadi kumi yanayopakana, upande mmoja, ikiwezekana yaanzie kwenye kona yenye watu: kituo cha daladala, msikiti, soko, zahanati. Wanaobaki wataona, wataomba awamu ya pili, na safari hiyo hutawabembeleza.

Kabla ya lolote, hesabu. Chukua siku tatu za wiki, mojawapo Ijumaa na nyingine Jumamosi. Kila siku kaa mara tatu, muda wa saa nzima kila mara: asubuhi (saa 4 hadi 5), jioni (saa 11 hadi 12) na usiku (saa 1 hadi 2). Piga mistari miwili ya tiki kwenye daftari: waliopita, na walioingia dukani. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne ataifanya kazi hii vizuri kuliko mtaalamu yeyote, mradi umpe kiti na kivuli.

Sababu: bila namba hizi, mwakani mtabishana. Mmoja atasema biashara imepanda, mwingine atasema ni sikukuu tu.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye namba tisa za waliopita na tisa za walioingia, na picha ya kila duka iliyopigwa kutoka upande wa pili wa barabara, mahali palepale pa kusimama. Weka alama ya rangi chini ili picha ya baadaye itoke pembe ileile.

## Hatua ya 2: Maliza mambo ya mwenye nyumba kwa maandishi

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo juhudi nyingi hufia na hakuna anayeandika.

Wengi wenye maduka ni wapangaji. Mpangaji anatengeneza uso wa duka kwa jasho lake, duka linapendeza, na baada ya miezi mitatu mwenye nyumba anapandisha kodi au anamleta mpwa wake. Nimelishuhudia hilo kwa mama mmoja muuza vyombo: aliweka mlango mpya, sakafu mpya ya baraza na taa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anafunga masufuria kwenye magunia ahamie uchochoroni. Majirani zake walioona hilo hawakuchanga tena hata shilingi, na siwalaumu.

Kwa hiyo mwiteni mwenye nyumba kabla ya fundi. Kama ni mtu mzima, nendeni kwake, msimwite dukani. Nendeni wawili watatu, salamu zikamilike, kahawa inyweke, ndipo neno liingie. Kama nyumba ni ya urithi, ulizeni nani hasa anasimamia mirathi. Kukubaliana na ndugu mmoja ambaye hana mamlaka ni sawa na kutokubaliana.

Makubaliano yasizidi ukurasa mmoja, na yaseme haya:

- Matengenezo gani yatafanyika, yenye picha ya kabla.
- Nani analipia nini. Mgawanyo unaofanya kazi mara nyingi: mwenye nyumba analipia paa, gata, ukuta na mlango, mpangaji analipia taa, bango, na rangi.
- Kodi haitapanda kwa kipindi fulani, walau miaka miwili, au gharama ya mpangaji itakatwa kwenye kodi kidogo kidogo.
- Mpangaji akitolewa kabla ya kipindi hicho, atarudishiwa kiasi gani.
- Sahihi za wote wawili na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Tahadhari: msichange fedha za mtaa kutengeneza duka ambalo mwenye nyumba hajasaini. Lirukeni. Akiona jirani yake amependeza atakuja mwenyewe.

Michango nayo ina siri yake. Msitoze kila duka kiasi sawa. Tozeni kwa mita ya uso wa duka. Mwenye mlango mmoja wa mita mbili na nusu hawezi kulingana na mwenye milango mitatu, na mkilazimisha, mdogo atajitoa kimyakimya.

## Hatua ya 3: Vibali

Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji wa kata, kisha halmashauri. Kupaka rangi na kukarabati mlango uleule si jambo zito. Kuvunja ukuta, kupanua mlango au kuongeza kibaraza kunahitaji kibali cha ujenzi. Chochote kitakachokaa ndani ya hifadhi ya barabara, hata ngazi mbili tu, kinaihusu TARURA kwa barabara za mji, na TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Ukijenga bila kuuliza, alama ya X nyekundu itakufuata.

Bango hulipiwa ada. Uliza ada yake na ukubwa unaoruhusiwa kabla hujampa fundi kazi, si baada ya kulitundika.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na mji wa Lamu tangu 2001. Huko hata aina ya mlango na rangi ya ukuta vina mamlaka zake za kuulizwa. Nyumba ya zamani popote Tanzania Bara inaweza kuwa imelindwa kisheria. Ukiwa na shaka, waulize watu wa Idara ya Mambo ya Kale.

## Hatua ya 4: Ondoa maji

Simama mtaani mvua ikinyesha. Utaona kila kitu.

Utaona maji yakidondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi ukingo wa baraza, yakiruka na tope na kuchafua ukuta nusu mita kutoka chini. Mstari ule wa kahawia, unaoonekana kwenye kila duka la mtaa, hakuna rangi itakayoufuta. Gata ndiyo itakayoufuta. Funga gata kwenye ukingo wa bati, liwe na mteremko, literemshe maji kwa bomba hadi mtaroni, na bomba lisimwage maji kwa jirani.

Kisha mtaro. Mara nyingi mtaro wenyewe ni mzima. Ulioziba ni ule mita moja mbele ya kila duka ambapo mtu alimwaga zege apate pa kupita. Kila daraja dogo kama hilo ni kizuizi cha taka. Badala yake tengenezeni vifuniko vya zege vyenye nondo na vishikio, vinavyonyanyuka. Kifuniko cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa sentimita 7 kina uzito wa kilo 60 hivi. Watu wawili wanakinyanyua na kusafisha chini yake. Kikubwa kuliko hapo hakitanyanyuliwa kamwe.

Utajua umefaulu pale mvua ya nusu saa itakapokwisha na baraza likabaki kavu, na mteja akavuka mtaro bila kuruka.

## Hatua ya 5: Baraza liwe njia

Kila mwenye nyumba alijenga baraza lake kwa kimo chake. Hili sentimita 20, linalofuata 45, la tatu lina ngazi pembeni. Matokeo yake mteja anatembea barabarani na bodaboda, na mtu anayetembea barabarani haangalii madukani, anaangalia asigongwe.

Hamwezi kulinganisha mabaraza yote, lakini mnaweza kuondoa miruko. Palipo na tofauti ndogo, sawazisheni kwa mteremko wa zege. Palipo na tofauti kubwa, wekeni ngazi zenye kimo kimoja, sentimita 15 hadi 17, si moja ndefu na nyingine fupi. Kwa kiti cha magurudumu na mikokoteni ya watoto, mteremko unaofaa ni 1 kwa 12: baraza la sentimita 30 linataka mteremko wa mita 3.6. Huo hauna nafasi kuelekea barabarani, kwa hiyo uelekezeni sambamba na ukuta, utumike na maduka mawili.

Sakafu isisuguliwe ikawa laini kama kioo. Sakafu nyekundu iliyong'arishwa inapendeza ikiwa kavu, na huangusha wazee ikilowa. Piga ufagio mgumu juu ya zege kabla halijakauka, ipate mikwaruzo.

Kisha kubalianeni mstari. Chora mstari kwa rangi sakafuni: bidhaa zinakaa nyuma yake, watu wanapita mbele yake. Acheni angalau mita 1.5 wazi. Najua uchungu wa kurudisha ndani ndoo, madumu na mazulia. Lakini duka lililozibwa na bidhaa zake lenyewe linaonekana kama ghala, na mteja hajui mlango uko wapi.

## Hatua ya 6: Ukuta, chuma, na milango

### Jua ukuta wako ni wa nini

Gonga, kwaruza mahali pasipoonekana, uliza wazee. Ukuta wa matumbawe na chokaa na ukuta wa bloku ni wagonjwa wawili wenye dawa tofauti.

Ukuta wa matumbawe unapumua. Unapandisha unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na siku moja bamba zima linaanguka. Nilijifunza hivyo kwa duka nililolisimamia mwenyewe: tulipiga saruji safi, tukapaka rangi ya mafuta ili "idumu", na baada ya mvua za mwaka mmoja tu ukuta ulikuwa umevimba kama mkate. Tulibandua yote kwa mikono. Saruji ilipotoka, iliondoka na kipande cha ukuta wa asili.

Kwa ukuta huo tumia plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mtoni, kisha uupake maji ya chokaa. Chokaa iloweshwe wiki mbili au zaidi, ichujwe kwa kitambaa, izimuliwe hadi iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizia ukuta maji kwanza. Paka tabaka nyembamba nne au tano, moja kwa siku. Tabaka la kwanza litaonekana kama halijashika kitu. Usiogope, linakuwa jeupe likikauka.

Tahadhari mbili. Chokaa ambayo haijazimwa huchemka inapokutana na maji: mimina chokaa kwenye maji, usimimine maji kwenye chokaa, na vaa miwani, maana hupofusha. Na usitumie mchanga wa ufukweni hata ukiwa bure. Una chumvi, na chumvi ndiyo adui tunayepigana naye.

Ukuta wa bloku unapokea saruji bila shida, ila plasta mpya iachwe siku 28 kabla ya rangi.

### Kipimo cha nailoni

Jioni bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Kesho yake jioni kiangalie. Kikiwa na matone kwa ndani, ukuta una maji. Rudi Hatua ya 4. Kikiwa kikavu, endelea.

### Chuma

Upepo wa bahari hauna huruma na nondo. Piga brashi ya waya hadi kutu yote nyepesi itoke, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha tabaka mbili za rangi ya mafuta. Ukilaza usiku chuma kilichosuguliwa bila kupakwa, asubuhi kina kutu tena.

Mlango wa bati zima unaofunika uso wote wa duka huugeuza mtaa kuwa gereza kila jioni. Ukiweza, weka wavu wa chuma unaopitisha macho, ili bidhaa zilizo nyuma yake zionekane usiku kwa taa. Mtu anayepita saa 3 usiku na kuona kitenge kinachomvutia atarudi kesho asubuhi.

### Milango ya mbao

Usiitupe. Milango ya zamani ya mikunjo minne au sita mara nyingi ni ya mbao ngumu ambayo leo hununui kirahisi. Tatizo lake ni rangi.

Kuna bibi muuza kanga ambaye mlango wake tulidhani ni wa bati, kwa jinsi ulivyokuwa umepakwa. Tulipokwangua kona ya chini ilitoka kijani, chini yake nyeupe, chini yake bluu, kisha kijani nyingine, na mwisho mbao nyekundu iliyokolea, mistari yake imenyooka kama imepangwa na mtu. Bibi akaweka kidole pale, akasema, "Mwanangu, mlango huu nimeufungua miaka thelathini sijawahi kuuona." Tulimaliza mlango wote. Hajawahi kuweka bango kubwa tangu hapo. Watu wanasema "pale kwenye mlango mwekundu".

Tahadhari: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Usizisugue zikiwa kavu. Lowesha, kwangua, kusanya mabaki kwenye mfuko na kuyatupa mbali, na watoto wasiwe karibu.

## Hatua ya 7: Waya kwanza, rangi baadaye

Fundi umeme apite kabla ya fundi rangi, kwa sababu atatoboa ukuta. Azifiche zile waya zilizoning'inia, au angalau azipange kwenye bomba moja lililonyooka chini ya paa.

Sasa rangi. Mkubaliane rangi mbili za pamoja, moja ya ukuta na moja ya kingo na nguzo, kisha kila duka lichague ya mlango na ya bango. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, na amri ikafanya kazi yake. Mtaani kwenu hakuna mwenye amri, kwa hiyo acheni nafasi ya hiari au watu watagoma.

Kwa ukuta chagueni rangi nyepesi: nyeupe ya maziwa, mchanga, njano ya embe bivu iliyofifia. Zinasharabu joto kidogo na zinaifanya bidhaa ionekane. Nyekundu kali na zambarau hupauka haraka kwa jua la pwani.

Kuhusu kampuni zinazokuja kupaka duka lako bure kwa rangi zao: kumbuka unalipa. Maduka matano ya rangi ileile ya simu au soda yanaonekana kuwa duka moja, na jina lako linabaki kwa herufi ndogo chini. Mkikubali, kubalini bango moja dogo, ukuta ubaki wenu.

Hesabu ya rangi ya maji kwa maduka kumi: kila uso mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14, jumla 140. Toa theluthi ya milango, zinabaki 93 hivi. Mara mbili kwa tabaka mbili ni 186. Ukuta wa kawaida wenye mikwaruzo hula lita moja kwa mita za mraba 8 hivi, kwa hiyo lita 23 au 24: ndoo ya lita 20 na galoni ya lita 4. Rangi ya msingi ni lita 12. Nunueni zote siku moja, kutoka duka moja, namba moja ya rangi. Ndoo za siku tofauti zinaweza kupishana kidogo, na ukutani zinaonekana.

Utajua umefaulu ukipitisha kiganja ukutani baada ya wiki mbili na kisirudi na unga.

## Hatua ya 8: Bango na kivuli

Bango lina kazi mbili: jina na unachouza. Si namba nne za simu, si picha ya ndege, si orodha ya bidhaa ishirini. Kwa kila mita 10 za umbali wa msomaji, herufi iwe angalau sentimita 8. Herufi ya sentimita 20 inasomeka vizuri kutoka mita 25 hivi. Bango lisifunike dirisha la juu wala nakshi za jengo, na lipangwe mstari mmoja na la jirani.

Mpeni kazi fundi wa kuandika kwa mkono. Bango la fleksi linapauka na kuchanika pembeni kwa upepo wa kusi. Maandishi ya rangi ya mafuta juu ya ubao yanakarabatika kwa brashi.

Kivuli nacho kina somo watu wanalopuuza. Turubai la bluu hubadilisha rangi ya kila kitu kilicho chini yake. Simama chini ya turubai hilo na ushike kanga nyeupe na nyekundu: nyeupe inakuwa ya samawati, nyekundu inakuwa na uzambarau. Nyanya zinaonekana mbovu. Mteja hajui kwa nini hapendi, anarudisha tu na kuondoka, au anatoka nayo hadi juani kuiangalia upya. Tumieni turubai jeupe au la rangi ya mchanga. Ukingo wake uwe mita 2.4 kutoka chini, kamba zisivuke njia.

## Hatua ya 9: Taa

Mtaa wa pwani unaishi jioni, baada ya jua kupoa. Lakini ukiwa giza, watu hawakai.

Wekeni taa moja ya LED ya wati 9 kwa kila duka, chini ya paa, ikimulika ukuta na baraza, si macho ya mpita njia. Mwanga wa njano hafifu hufaa ngozi na vitambaa; weupe wa hospitali haufai. Hesabu ya gharama: wati 9 kwa saa 4, saa 12 na nusu hadi saa 4 na nusu usiku, kwa siku 30, ni uniti moja na ushee ya LUKU kwa mwezi. Mwambie hivyo anayeogopa bili.

Kubalianeni kwamba taa inabaki inawaka hata duka likiwa limefungwa. Duka moja lenye giza katikati ya tisa ni pengo la jino.

## Hatua ya 10: Machinga, mama lishe na bodaboda

Tangu zoezi la kuwapanga machinga la mwaka 2021, wengi wameamini kwamba mtaa mzuri ni mtaa mtupu. Si kweli. Muuza madafu, mchoma mahindi na mama wa chapati ndio wanaowasimamisha watu. Anayesimama dakika tano kula, anaangalia dirisha la nyuma yake.

Waiteni vikaoni tangu mwanzo. Kubalianeni nao mahali pa kudumu, ikiwezekana kwenye kona na mbele ya kuta zisizo na mlango, moto uwe mbali na turubai, na nani anazoa taka saa ngapi. Bodaboda wapewe alama yao mwanzoni mwa mtaa, mita kadhaa kabla ya duka la kwanza.

## Hatua ya 11: Hesabu tena, kisha tunza

Baada ya miezi mitatu rudia hesabu ya Hatua ya 1: siku zilezile, saa zilezile, alama ileile ya picha. Epuka wiki ya Ramadhani ya mwisho na sikukuu, zitakudanganya. Waliopita wakiongezeka lakini walioingia hawajaongezeka, tatizo liko ndani ya maduka: bei, bidhaa, au lugha ya muuzaji. Walioingia usiku wakiongezeka peke yao, taa zimefanya kazi, ongezeni saa za kufungua.

Kalenda ya matunzo iandikwe na kubandikwa ukutani kwa katibu:

- Kila wiki: kufagia mtaro mbele ya duka lako.
- Februari na Septemba, kabla ya mvua: kunyanyua vifuniko vyote, kusafisha gata.
- Juni: kuangalia kutu kwenye nondo na kugusia rangi palipochubuka.
- Kila mwaka: maji ya chokaa tabaka moja kwa kuta za matumbawe.

Rangi iliyobaki msiigawane. Ifungeni vizuri, andikeni juu ya kifuniko namba ya rangi, tarehe na jina la duka la vifaa mliponunua, na ndoo ikae kwa mtu mmoja anayejulikana na wote, juu ya ubao, si sakafuni.